Nani afunge boila ya gesi: nyumba kubwa, loji na jiko la shule

Mwenye jengo wa Kigoma au Tabora anayetafuta fundi wa kumfungia boila ya gesi huulizwa kwanza: "Ya nyumbani au ya biashara?" Akishajibu, bei inatajwa na kazi inaanza. Mambo huanza kuharibika hapo, kwa sababu swali hilo limebeba maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni la ufundi: mashine ina kilowati ngapi, bomba lake ni refu na nene kiasi gani, gesi inapita kwa presha ipi? La pili ni la sheria: jengo ni makazi ya familia, au ni mahali pa kazi panapopokea watu? Ukubwa wa mashine huamua ujuzi wa fundi. Matumizi ya jengo huamua ni ofisi zipi zina neno juu ya kazi hiyo. Mara nyingi majibu hayo mawili yanapishana, na tutaanza na hesabu inayoonyesha hivyo.

Chukua nyumba kubwa ya familia juu ya kilima kinachotazama Ziwa Tanganyika, yenye mabafu sita. Tuseme maji yanaingia yakiwa na nyuzi 24. Bomba la mvua la bafuni linalotoa lita 8 kwa dakika linahitaji karibu kilowati 9 ili maji yafike nyuzi 40. Wanafamilia wanne wakioga kwa pamoja kabla ya shule na kazi, hita ya papo kwa papo itatakiwa kutoa kilowati 36. Hiyo ni nyumba tu.

Sasa chukua loji ya vyumba 20 Tabora mjini, wageni wawili kila chumba, kila mmoja na lita 40 za maji ya kuoga. Asubuhi ya Julai maji ya tangi la juu yanaweza kuwa nyuzi 20. Mwenye loji akitaka hita ya papo kwa papo inayomudu mabafu 10 kwa wakati mmoja, anahitaji kilowati 112 hivi. Akiamua badala yake kuchemsha usiku na kuhifadhi, anahitaji lita 800 za maji ya nyuzi 60, zitakazochanganywa na maji baridi mpaka zifike lita 1,600. Kuzipasha lita hizo 800 ni kazi ya kilowati-saa 37, yaani boila ya kilowati 19 au 20 ikifanya kazi kwa saa mbili. Loji ileile, wageni walewale, na mashine imeshuka kutoka saizi ya kiwanda mpaka saizi ndogo kuliko ile ya nyumba ya mabafu sita.

Kwa ufundi, loji hiyo sasa ina boila ya nyumbani. Kisheria bado ni biashara, na itakaguliwa kama biashara. Mwenye loji asipoelewa tofauti hiyo atapotea njia moja kati ya mbili: ama atalipa mkandarasi mkubwa kwa kazi isiyomhitaji, ama atamchukua fundi wa mtaani na kuamini kwamba udogo wa mashine umemwondolea wajibu wa ukaguzi.

Mpaka wa kilowati 70

Nchi ambayo imeuandika mpaka huu kwa uwazi kuliko nyingi ni Uingereza, na vyeti vyake hutajwa sana na wauzaji wa mashine zinazotoka Ulaya. Inafaa kuufahamu mfumo wao hata kama haututawali, kwa sababu maelekezo yaliyomo kwenye boksi la boila mara nyingi yanaudhania.

Huko kila anayegusa gesi kwa kazi lazima awe kwenye daftari linaloitwa Gas Safe Register, lililochukua nafasi ya daftari la awali, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Kuwemo kwenye daftari hakumaanishi kuruhusiwa kila kitu. Nyuma ya kadi ya fundi kumeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa, na huko nyuma ndiko kwa kusoma, kwa sababu picha ya mbele inathibitisha sura tu. Aina hizo hupatikana kwa mitihani ya mfumo wa ACS, inayorudiwa kila baada ya miaka mitano.

Fundi wa majumbani huanza na CCN1, mtihani wa msingi wa usalama wa gesi nyumbani, kisha huongeza CENWAT kwa ajili ya boila na hita za maji. Kikomo chake ni boila yenye kilowati 70 za moto unaoingia. Zingatia: ni moto unaoingia, si joto linalotoka kwenye maji. Boila ya kutoa kilowati 65 kwa ufanisi wa asilimia 90 inameza kilowati 72, na tayari imevuka mstari.

Juu ya hapo, viwango vinabadilika. Boila za kilowati 70 hadi megawati 1.8 zina kiwango chao, BS 6644, na fundi hupita mtihani wa kuvuka kutoka nyumbani kwenda biashara uitwao CODNCO1, kisha CIGA1 kwa boila zenyewe, ICPN1 kwa mabomba makubwa, na TPCP1 kwa kupima mvujo na kutoa hewa kwenye mabomba hayo. Mwenye CIGA1 bila ICPN1 anaweza kufunga boila akashindwa kisheria kugusa bomba linaloilisha. Ni jambo linaloudhi wenye majengo, lakini lina mantiki: kulehemu au kuunganisha bomba la inchi tatu ni kazi tofauti na kurekebisha kichomeo.

Nyumba kubwa hunaswa hapa mara nyingi. Tajiri anaweka boila mbili za kilowati 40 chumba kimoja ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Kila moja peke yake ni ya nyumbani. Zikiwa chumba kimoja, kwenye bomba moja la gesi na bomba moja la moshi, hukokotolewa kwa pamoja: kilowati 80. Jumba ni la familia, kazi ni ya biashara.

Kilowati si kipimo pekee. Bomba nalo lina lake. Kanuni ya Uingereza ya kupima mvujo kwenye mfumo mdogo wa gesi asilia, IGEM/UP/1B, inaishia kwenye ujazo wa mita za ujazo 0.035. Bomba la shaba la milimita 28 lina takribani mita za ujazo 0.00054 kwa kila mita ya urefu. Mita 40 za bomba hilo, ukiongeza asilimia 10 ya viungio na mita za ujazo 0.008 za kipimio cha gesi cha kawaida cha nyumbani, ni 0.032: fundi wa majumbani anaruhusiwa. Zifanye mita 50 na unapata karibu 0.038: sasa inahitajika kanuni nyingine na cheti kingine, ingawa boila ni ileile na nyumba ni ileile. Bomba lenye ujazo mkubwa huchukua muda mrefu kuonyesha kwamba linavuja, na tundu ambalo geji ingelifichua kwa dakika mbili kwenye bomba dogo laweza kujificha kwenye kubwa.

Huko Uingereza kuna cheti kingine ambacho watu husahau: mtungi wa maji ya moto uliofungwa, usio na bomba la kupumulia, wenye zaidi ya lita 15, una sharti lake chini ya kifungu cha G3 cha kanuni za ujenzi. Fundi wa gesi asiye na sifa hiyo anaunganisha boila, kisha anampisha mwenzake.

Gesi yetu ni ya mtungi

Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay haifiki Kigoma wala Tabora kwa bomba. Kinachochomwa huku ni gesi ya mitungi, mchanganyiko wa propeni na buteni uliosafiri kutoka bandarini kwa barabara. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya vyeti vya gesi asilia haimsaidii fundi wa huku. Hata Uingereza, aliyesomea gesi asilia hagusi ya mtungi bila kuongeza mtihani wake.

Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu mpaka mbili. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia kwenye mfereji wa maji machafu na kukaa humo ikisubiri cheche. Kigunduzi cha mvujo cha gesi ya mtungi hufungwa karibu na sakafu. Kikifungwa juu karibu na dari, kama picha nyingi za mtandaoni zinavyoonyesha kwa gesi asilia, chumba kinaweza kujaa mpaka magotini nacho kimya.

Kosa ghali zaidi huanzia dukani. Boila iliyotengenezwa kwa gesi asilia ikiunganishwa kwenye mtungi bila kubadilishwa itawaka, na kwa kuwa inawaka mnunuzi atadhani mambo ni sawa. Mita moja ya ujazo ya propeni ina joto mara mbili na nusu ya gesi asilia na inahitaji hewa mara mbili na zaidi. Nozeli zilizotobolewa kwa gesi asilia zitapitisha moto mwingi kupita kiasi: mwali mrefu wa njano, masizi kwenye mapezi ya kubadilishia joto, njia ya moshi kuziba, kisha kaboni monoksaidi chumbani. Soma kibati cha mashine kabla ya kulipa. G20 ni gesi asilia. G30 ni buteni, G31 ni propeni, na pembeni kutakuwa na presha, 28–30 au 37, kwa milibari. Kibati chenye G20 pekee, bila seti ya kubadilishia kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo, ni mashine ya kuiacha dukani. Kutoboa nozeli kwa msumari au drili ya mkononi si kubadilisha gesi.

Kitu kingine ni mwinuko. Kigoma kwenye ufuko wa ziwa iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Tabora iko karibu mita 1,200. Hewa ya Tabora ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya pwani, na kichomeo kisicho na feni kinavuta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Desturi ya Marekani ni kupunguza nguvu ya mashine kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, pale eneo linapozidi futi 2,000. Kwa Tabora hiyo ni asilimia 16 hivi: boila ya kilowati 24 ihesabiwe kuwa ya 20. Boila hiyo bado inaitosha loji yetu ya vyumba 20, lakini kwa tabu. Fundi aliyejifunza kazi Dar es Salaam anaweza asiwahi kulikuta jambo hili.

Mitungi nayo ina kikomo, na hapa mpaka wa nyumbani na biashara unaonekana kwa macho. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili iwe mvuke inahitaji joto, na joto hilo inalipata kupitia ukuta wa mtungi. Mtungi wa kilo 38 ukitumika mfululizo hutoa kama kilo moja kwa saa, kilo moja na nusu ukiwa umejaa na siku ni ya joto. Wa kilo 15 hutoa kama nusu kilo. Kilo moja ya gesi ina karibu kilowati-saa 12.8. Boila ya kilowati 24 inataka kilo 2 kwa saa: mitungi miwili ya kilo 38 kazini na miwili ya akiba. Ile hita ya kilowati 112, kwa ufanisi wa asilimia 85, inataka kilo 10 kwa saa, yaani safu ya mitungi 10 kazini, au tangi. Ukiona jasho jingi au barafu kwenye tumbo la mtungi, umekamuliwa kuliko uwezo wake. Moto utafifia katikati ya kuoga, mwenye nyumba atalaumu boila, na fundi asiyejua atapandisha presha ya regyuleta. Hapo amefanya makosa mawili badala ya moja.

Mvuke ni habari nyingine kabisa

Kuna mashine za aina mbili zinazoitwa boila. Moja hupasha maji yasiyochemka, kwa ajili ya kuoga na kuosha. Nyingine hutengeneza mvuke wenye presha, kwa ajili ya dobi la hospitali, masufuria makubwa ya mvuke, au kuchemshia mikungu ya michikichi kabla ya kukamua mawese, kazi inayofanyika kwa mvuke wa bari 3 hivi katika viwanda vya kisasa. Ya pili ni chombo cha presha. Haijalishi inatumia gesi, dizeli au makapi ya chikichi: tishio lake la kwanza ni maji yaliyo juu ya kiwango cha kuchemka yakiwa yamefungiwa ndani ya chuma. Chuma kikipasuka, maji hayo yanageuka mvuke kwa mpigo.

Hakuna cheti cha gesi, cha Uingereza wala cha popote, kinachomruhusu mtu kufunga au kuendesha boila ya mvuke kwa sababu tu anajua kichomeo chake. Hii ni kazi ya mhandisi mitambo, mchomeleaji aliyepimwa kwa chuma cha presha, na mwendeshaji aliyefundishwa kusoma kioo cha maji na kupuliza matope chini. Tangi la dizeli lililokatwa na kuchomelewa kuwa boila ya mvuke, na mifano yake ipo, halina kiwango linachokidhi.

Karatasi zinazotakiwa Tanzania

Hapa kwetu majukumu yamegawanywa. Ukitafuta kadi moja inayojibu kila kitu utachoka. Tafuta karatasi kwa kila kipande cha kazi.

Ujuzi wa mkono huthibitishwa na VETA. Fani zinazohusika ni ufundi bomba, uchomeleaji na umeme, katika ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA I hadi III. Kigoma na Tabora kote kuna chuo cha VETA. Fundi aliyejifunzia kazini kwa miaka bila kukaa darasani anaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia urasimishaji wa ujuzi, utaratibu ambao VETA inaufanya kwa fani kadhaa. Lakini cheti cha ufundi bomba kinathibitisha bomba. Kwa gesi, muulize fundi amefunzwa wapi kuhusu gesi ya mtungi hasa, na mafunzo hayo yalihusu regyuleta za hatua mbili, safu za mitungi na upimaji wa mvujo, au yaliishia kwenye kufunga jiko la mtungi wa kilo 6. Kampuni za gesi nazo hufundisha mafundi wanaofunga mifumo yao. Barua ya mafunzo hayo ina uzito.

Mchoro na mahesabu ni ya mhandisi. Kwa boila ya nyumba moja ya kilowati 24, maelekezo ya mtengenezaji yanatosha. Kwa safu ya mitungi inayolisha jiko la shule na hita za mabweni, dai mchoro wenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Angalia daraja lake: mhitimu aliyesajiliwa kama mhandisi mhitimu bado yuko kwenye miaka yake ya mazoezi, na anayebeba dhamana ya mchoro ni mhandisi mtaalamu au mshauri.

Kampuni inayochukua mkataba husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, nayo pia ya mwaka 1997. Tazama aina ya usajili. Mkandarasi wa majengo wa daraja la juu si mkandarasi wa mitambo, na daraja lenyewe lina kikomo cha thamani ya kazi. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, kwa hiyo swali hili hujitokeza kwenye zabuni. Pale kazi inapogawanywa vipande vidogo ili ipitie kwa mafundi wa kawaida, mfumo wa gesi hujikuta umefungwa na watu watatu wasiojuana, na hakuna hata mmoja anayepima mvujo wa mfumo mzima.

Umeme wa boila, kuanzia feni na kiwashio mpaka pampu na kigunduzi cha gesi, ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji umeme. EWURA hiyohiyo husimamia biashara ya gesi ya mitungi: mtungi ununuliwe kwa msambazaji mwenye leseni, wenye lakiri isiyochezewa na uzito uliopimwa mbele yako. TBS ndiyo yenye viwango vya mitungi, regyuleta na mipira.

Halafu yale yanayotokana na matumizi ya jengo. Shule, hospitali, loji na kiwanda ni mahali pa kazi, na mahali pa kazi panasajiliwa na kukaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria namba 5 ya mwaka 2003. Vyombo vya presha na boila ni sehemu ya ukaguzi wao. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina cheti chake. Loji yetu yenye boila ya kilowati 24 iko chini ya yote mawili. Nyumba ya mabafu sita yenye mashine kubwa zaidi haiko huko, mpaka siku mwenye nyumba atakapoanza kupangisha vyumba kwa wageni wa usiku mmoja mmoja. Siku hiyo hakuna bomba lililobadilika, ila wajibu umebadilika.

Jambo hili lina haraka yake. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Shule zilizopika kwa kuni tangu zijengwe sasa zinapokea safu za mitungi. Majiko yake ya kuni yalijengwa na paa lenye uwazi, na uwazi huo ndio uliokuwa ukiwaokoa. Likiwekwa dari safi na madirisha ya kioo kwa sababu "sasa hakuna moshi", hewa ya kuunguzia gesi imeondolewa.

Anapokosea fundi bomba mzuri

Fundi wa maji mwenye mkono mzuri ndiye anayepewa kazi hizi mara nyingi, na makosa yake yanatabirika kwa sababu yanatokana na mazoea mazuri ya maji.

La kwanza ni katani na rangi kwenye nyuzi za viungio. Kwenye maji hufunga kabisa. Gesi ya mtungi huyeyusha rangi ya mafuta na kuikausha katani, na baada ya miezi kiungio kinapumua. Tumia tepu nene au gundi iliyoandikwa kuwa ni ya gesi. Vilevile mpira wa asili hulainika na kupasuka. Mpira wa gesi ni wa sintetiki, una tarehe mwilini, na haupiti ndani ya ukuta. Bomba la plastiki la PPR linalotumika kwa maji ya moto halibebi gesi ndani ya jengo.

La pili ni regyuleta. Ile nyekundu ya kuzungusha, inayotumika kwenye majiko ya presha ya mama lishe, inaweza kutoa bari moja na zaidi. Boila inataka milibari 30 au 37. Tofauti ni ya mara 30 na zaidi, na vali ya ndani ya boila haikutengenezwa kuzuia hiyo. Kwa safu ya mitungi, regyuleta ya kwanza, ile ya nje penye mitungi, hushusha kutoka bari kadhaa mpaka bari moja hivi. Ya pili, jirani na mashine, hushusha mpaka milibari. Bomba la kati lenye presha ya bari moja ni jembamba na la bei nafuu, lakini kwa sababu ya presha hiyohiyo halipaswi kupita dari la mabweni.

La tatu ni hewa. Kwa boila yenye bomba la moshi la wazi ndani ya nyumba, kanuni ya Uingereza ni sentimita za mraba 5 kwa kila kilowati juu ya 7: mashine ya 24 inahitaji uwazi wa kudumu wa sentimita za mraba 85, saizi ya tofali la matundu. Kwenye chumba cha boila cha biashara hesabu ni nyingine, 4 kwa kila kilowati chini na 2 juu: mashine ya 150 inataka 600 chini na 300 juu. Fundi anayeweka tofali moja la matundu kila mahali hakosei nyumbani. Anakosea shuleni, na hakuna kitakachomwonyesha kosa lake siku anakabidhi. Na bafuni, hita isiyovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba haifungwi kabisa, hata iwe ndogo ya lita 6. Bafu dogo lenye mlango uliofungwa na hita ya namna hiyo limeua watu nchi nyingi.

Upande wa maji ana uzoefu, ila kuna kipande kimoja. Lita 800 zikitoka nyuzi 20 mpaka 60 hutanuka kwa lita 12 hivi. Kwenye mfumo wa tangi la juu lililo wazi, lita hizo hurudi tangini kupitia bomba la maji baridi, na bomba la kupumulia lililoinuliwa kupita tangi hutoa hewa na mvuke. Bomba hilo halifungwi koki, hata kwa nia ya kuokoa maji. Kwenye mfumo uliofungwa kunahitajika chombo cha kutanukia na vali ya usalama ambayo mdomo wake umeelekezwa chini, mahali panapoonekana.

Siku ya kukabidhi

Hakuna kazi ya gesi iliyokamilika kwa sababu moto umewaka. Kwa nyumba, fundi afunge koki zote za vifaa, ajaze presha ndogo, asubiri kama dakika 5 joto litulie, kisha aangalie geji kwa dakika 2 nyingine. Geji ya maji ya mpira angavu wenye umbo la U inatosha: milibari 30 ni sentimita 30 na nusu za maji, na kushuka kwa milimita chache kunaonekana kwa jicho. Sabuni na brashi hufuata, kutafuta mahali panapovuja. Hazichukui nafasi ya geji. Kwa mfumo wa biashara, upimaji hugawanywa: bomba la presha ya kati peke yake, la presha ndogo peke yake, na matokeo yaandikwe na muda wake, presha ya kuanzia na ya kumalizia, jina na sahihi.

Kisha mashine iwashwe na presha ipimwe ikiwa inafanya kazi, mabafu yote yamefunguliwa, si ikiwa imezimwa. Regyuleta ndogo kupita kiasi hujionyesha hapo tu. Mwishoni moshi upimwe kwa kipima-moshi. Kwa boila mpya za kisasa Uingereza hutumia uwiano wa kaboni monoksaidi kwa kaboni dayoksaidi usiozidi 0.004, mwali wa bluu peke yake si kipimo. Kifaa hicho ni cha bei na mafundi wengi wa majumbani hawanacho. Kwa hita ndogo iliyofungwa nje ukutani, mwenye nyumba anaweza kukubali kwenda bila hicho. Kwa jiko la shule au boila ya loji, kiandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza, na kama kitatoka Mwanza au Dar es Salaam, nauli ya kukileta iingie kwenye bei tangu mwanzo, isije ikawa kisingizio cha kukiruka.